Mashine ya Mahari Inaandika E4

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la Hamadi, hapa Kasongo, kwenye kona ambako pikipiki zinazotoka Salamabila hupunguza mwendo kwa sababu ya shimo, na sisi hupunguza maisha kwa sababu ya kahawa. Benchi ni ubao mmoja uliolazwa juu ya magurudumu mawili ya lori ambalo hakuna aliye hai anayekumbuka lilibeba nini. Alhamisi ile benchi lilikuwa na mgeni: sanduku jeupe la chuma, limesimama juu ya matofali manne kama mkubwa wa kutoka Kinshasa anayesubiri kupigiwa makofi, na waya wake umeingia dukani hadi kwenye grupe, ile mashine ya umeme ya Hamadi inayokohoa kuliko mwenyewe. Ilikuwa mashine ya kuosha vyombo. Ayoubu, kijana wetu anayenunua dhahabu Salamabila, aliileta iwe sehemu ya mahari ya Mounira, binti wa Muzee Alimasi. Ndoa ilikuwa kesho yake, Ijumaa, baada ya sala. Na kanuni ya Muzee Alimasi mji mzima unaijua, maana ameshaozesha mabinti watano kwa kanuni hiyo hiyo: kitu cha mahari kinapokewa kikiwa hai. Mbuzi atembee. Redio iimbe. Cherehani ishone mbele ya mashahidi. Alasiri ya siku hiyo angekuja kuiona mashine ikiosha. Isipoosha, hakuna Ijumaa. Nayo mashine tangu asubuhi ilikuwa haioshi. Ilikuwa inaandika tu kwenye kidirisha chake, kwa rangi nyekundu: E4.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Mado, mama wa kahawa, kwa sababu vikombe vyake vyote ishirini vilikuwa vimewekwa humo ndani kwa majaribio.

Mado: Ayoubu, ndugu yangu, vikombe vyangu viko ndani ya ile friji.

Ayoubu: Si friji, dada. Ni mashine ya kuosha vyombo.

Mado: Friji inafungukaka. Hii imemeza vikombe ishirini, iko inatuangalia tu.

Ayoubu: Inafikiri kidogo.

Mado: Na ifikirie njaa yangu. Mimi nauzia watu kahawa mu vifuniko vya bidoni!

Ni kweli. Hamadi alikuwa na kifuniko cha bidoni, lile dumu la maji, mimi nilikuwa na kopo la samaki, na Chadrack, fundi wa pikipiki, alinywea kwenye kioo cha taa ya mbele ya pikipiki ya mteja. Huyu Chadrack tunamwita Kabiratè, kwa sababu kwake ugonjwa wowote, hata malaria, unatoka kwenye kabiratè, kile kifaa cha injini kinachochanganya mafuta na hewa.

Kabiratè: Mimi nilisema tangu asubuhi. Ni kabiratè.

Hamadi: Iko na kabiratè wapi? Haina hata gurudumu!

Kabiratè: Si ndiyo maana haiende?

Ayoubu: Kaka, tafadhali. Muzee anakuja alasiri.

Kabiratè: Ndiyo. Na wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa hiyo tuipige teke sasa hivi, kabla baraka haijaondoka.

Ayoubu: Usiniulie mahari!

Teke lilikuwa limeshaondoka. Sanduku lililia "ngwaa!" kama sufuria ya msibani. Kabiratè akaanza kuruka kwa mguu mmoja kuzunguka benchi, akishika kidole gumba. Tukainama wote kusoma. E4.

Kabiratè: Munaona? Kabla ya teke ilikuwa E4 ya uvivu. Sasa ni E4 ya heshima.

Ndipo Kamaldine akakohoa. Kamaldine alifanya kazi biro, yaani ofisi ya serikali, miaka thelathini. Alipostaafu, muhuri wake haukustaafu. Anautembeza kwenye mfuko wa shati pamoja na wino wake, na ndiyo maana anaitwa Kashè, yaani muhuri kwa Kifaransa. Kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, yeye ndiye aliyekuwa mshenga wa Ayoubu, na yeye ndiye aliyeandika orodha ya mahari.

Kashè: Vijana, munachoka bure. Ile si ugonjwa. Ile ni fomu.

Hamadi: Fomu gani?

Kashè: Fomu E4. Biro tulikuwa na E1 ya kuzaliwa, E2 ya kuhama, E3 ya kupoteza karatasi ya E1 na E2. E4 ni ruhusa ya kukaa. Ayoubu, toka Salamabila mpaka hapa mulivuka vizuizi vingapi?

Ayoubu: Saba, papa.

Kashè: Kila kizuizi waliandika jina?

Ayoubu: Waliandika. Jina yangu.

Kashè: Yako! Na yake?

Ayoubu: Yake... hapana.

Kashè: Basi! Wewe uko Kasongo. Mwenzako kisheria bado iko njiani. Itaosha je vyombo mu mji ambao yenyewe bado haijafika?

Na Kashè akishinda hoja, muhuri unatoka. Alipuliza wino, akaulenga uso wa mashine, akagonga mara moja: IMEPOKEWA. Tukasubiri. Mashine ikasubiri. E4.

Kabiratè: Haijasikia.

Kashè: Ngoja. Ni ofisi gani ilishakujibu siku ile ile?

Ayoubu aliangalia jua. Jua la Kasongo saa saba halina huruma na bwana arusi. Lilikuwa limeshavuka paa la msikiti. Alifuta jasho kwa kofia, akavaa kofia, akajikuta amejipaka jasho lake upya.

Ayoubu: Wazee wangu, muzee Alimasi akikuta hii namba, mimi nimekwisha. Miaka miwili niko Salamabila. Kila jioni napanda kilima kutafuta rezo ya simu, nisikie sauti ya Mounira dakika tano. Miaka miwili juu ya kilima! Nisaidieni na akili, si na miguu.

Kabiratè: Hapo umenitukana, lakini nakusamehe kwa ajili ya kidole.

Hapo mwenye duka mwenyewe akasogeza kiti. Hamadi alipokuwa kijana alivuka ziwa akakaa Kigoma siku tisa. Tangu hapo hakuna kitu duniani ambacho hakukiona Kigoma.

Hamadi: Kule Kigoma hizi mashine ziko kama mbuzi. Zinatembea barabarani.

Mado: Zinatembea?

Hamadi: Kwa wingi wake, nasema. Sikiliza, Ayoubu. Mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Hii imefika lini?

Ayoubu: Juzi.

Hamadi: Juzi, jana, leo. Siku ya tatu!

Kabiratè: Tuipe jembe?

Hamadi: Kabiratè, methali haisomwe na kidole kimevimba. Methali inauliza: zile siku mbili za kwanza, mulimupa mugeni nini? Amekaa siku ngapi mugongoni kwa pikipiki, jua ya Kabambare yote kichwani, amefungwa na mipira kama kuku. Kufika hapa, mulimupa maji?

Ayoubu: Nilimwaga kikombe kimoja mu mupira wake wa nyuma, ule wa kupitisha maji.

Hamadi: Kikombe! Mutu wa chuma, kikombe! Sasa someni na akili. E ni eau, maji ya Kifaransa. Nne ni nne. Mugeni anaomba bidoni nne. Na angalia adabu yake: hakuomba tano.

Lazima niseme ukweli: tulipiga makofi. Kabiratè aliruka kwa mguu wake mzima hadi kwenye pikipiki, akaenda chemchemi, akarudi na bidoni nne za njano. Tukainua ule mpira wa nyuma, tukachomeka chupa iliyokatwa kitako, Ayoubu akashika, Hamadi akamimina. Bidoni ya kwanza iliingia kama mtu anayekunywa baada ya mfungo. Ya pili pia. Ya tatu mashine ilicheua. Ya nne maji yakaanza kutoka chini, yakapita katikati ya matofali, yakajaza lile shimo la barabarani, na bata wawili wa jirani wakaja kuogelea kama walioalikwa.

Kashè: Maji iko inatoka chini.

Hamadi: Inatoka ile ya zamani. Mupya inasukuma ya zamani.

Kabiratè: Namba?

Ayoubu: E4.

Hamadi: Hatukumuelewa muzuri. Iko imesimama juu ya matofali mangapi?

Mado: Mane.

Hamadi: Bidoni nne kwa kila tofali! Kumi na sita! Kabiratè, pikipiki!

Kabiratè: Kwa tofali?

Hamadi: Wewe unakunywa kwa mudomo, yenyewe inakunywa kwa matofali. Kila mutu na desturi ya kwao.

Mado alisema maji yale yangetosha kupika wali wa mji mzima pamoja na wapinzani. Hakuna aliyemsikiliza. Baada ya bidoni ya tisa, Ayoubu alikumbuka kwamba mashine ilikuja na karatasi. Akaitoa mfukoni. Ilikuwa imeandikwa kwa Kichina upande mmoja, na upande wa pili kwa lugha ambayo hata Kashè aliigeuza juu chini mara mbili akasema ina makosa. Lakini kulikuwa na picha. Pembeni ya E4 walichora sanduku dogo, na chini ya sanduku matone matatu ya maji.

Tuliizunguka ile picha, vichwa sita juu ya karatasi moja. Nyuma yetu sanduku halisi lilikuwa linadondosha maji halisi, na bata wanapiga kelele. Hakuna aliyegeuka.

Kabiratè: Esansi. Inavuja esansi, kama tanki ya pikipiki.

Kashè: Hapana. Ni jasho. Inataka likizo.

Mado: Likizo ya kazi gani, mbona haijaosha hata kijiko?

Hamadi alinyoosha mkono. Akachukua karatasi, akaiweka mbali na macho, akashusha sauti.

Hamadi: Hayo ni machozi.

Ayoubu: Ya nani?

Hamadi: Yake. Hii mashine iko inalia.

Upepo ukapita. Hata grupe ilikohoa kwa adabu.

Hamadi: Wazeni. Bibi arusi akitoka kwao, analia au halie? Analia. Na yeye anaenda mutaa wa pili tu! Huyu ametoka ng'ambo. Hana dada, hana shangazi, haelewi luga. Amefika hapa, mumoja amemupiga teke, mumoja amemugonga muhuri kwa paji ya uso. Wewe usingelia?

Kabiratè: Mimi sikujua!

Kashè: Mutoto akililia wembe, mupe.

Kabiratè: Wembe ninao.

Ayoubu: Rudisha wembe, Kabiratè! Sasa tufanye nini, papa Hamadi?

Hamadi: Bibi arusi anabembelezwa.

Basi tukambembeleza. Hamadi alitoa kitenge kipya dukani, tukamfunika mashine kichwa hadi magoti. Kashè alimkaribisha kwa Kifaransa cha biro, akamhakikishia kwamba malalamiko yake yamefika panapohusika. Kabiratè alimwomba msamaha akiwa amepiga goti, ingawa kwa upande wa kidole hakuwa na namna nyingine ya kukaa. Halafu tukaanza wimbo ule wanawake wanaouimba bibi arusi anapotolewa mlangoni kwa mama yake. Wanaume watano, sauti nzito, hakuna anayejua ubeti wa pili. Ayoubu ndiye aliyeimba kwa uchungu wote, machozi yanamtoka, na nadhani hakuwa anaimba kwa ajili ya sanduku.

Wakati wimbo umepamba moto, nilimwona Mado akipita nyuma yetu. Alipenya chini ya kitenge, akashika mlango wa mashine kwa mikono miwili, akaweka goti, akavuta. Ukafunguka. Haukuwa umejifunga, ulikuwa mgumu tu. Akatoa vikombe vyake ishirini, vinanuka kutu, akaviosha kwa majivu na nusu beseni ya maji, akavifuta kwa upindo wa nguo, akamimina kahawa, akatugawia. Tukapokea huku tunaimba. Hakuna aliyeuliza kikombe kimetoka wapi.

Na katika hali hiyo, vikombe mkononi, vinywa wazi, tunalilia sanduku lililovaa kitenge, Muzee Alimasi akatokea na mashahidi wake wawili.

Alimasi: Salamu alekumu. Nani amekufa?

Wimbo ukakatika kama uzi. Kabiratè, ambaye mdomo wake huwasha kabla ya ufunguo kuzungushwa, akanyanyua kikombe.

Kabiratè: Alekumu salamu, muzee! Hakuna aliyekufa. Angalia kikombe! Iko inang'aa!

Muzee Alimasi alikichukua kikombe. Akakizungusha. Akachungulia ndani kama anayetafuta ndugu.

Alimasi: Kweli. Ni safi.

Ayoubu akarefuka kidole kimoja.

Alimasi: Mashine ndiyo imeosha hivi?

Kabiratè: Muzee, asubuhi yote vilikuwa mu tumbo yake. Naapa!

Mado: Vilikuwa mu tumbo yake, ndiyo. Nimevitoa, nimeviosha mimi.

Kabiratè: Mado! Mutu akiwa anaanguka, unamuongezea jiwe?

Mado: Na mimi nikae kimya, mikono yangu ipate baridi, sanduku ipate sifa?

Muzee hakuchukia. Angechukia ingekuwa afadhali. Alitoa kitenge taratibu, akakikunja, akamrudishia Hamadi. Akausoma ule muhuri kwenye uso wa mashine. Akaangalia bata.

Alimasi: Niwashieni nione.

Ayoubu alibonyeza kitufe kwa kidole cha mtu anayebonyeza jicho la simba. E4.

Alimasi: E4 ni nini?

Kashè: Ruhusa ya kukaa!

Hamadi: Machozi!

Kabiratè: Kabiratè!

Tulijibu pamoja, kama darasa ambalo kila mtu amesoma kitabu chake. Muzee alifunga macho kidogo.

Alimasi: Mukwe wangu wa pili aliniletea mbuzi anayechechemea. Nilimurudisha, na mukwe nikamurudisha pamoja na mbuzi, mpaka mwezi uliofuata. Leo ule mukwe iko mutu mukubwa, anakuja kwangu kila Idi, na bado anatembeza mbuzi wake mara mbili mbele ya mulango. Sasa niseme nini kwa wale watano? Kwamba kwa wa sita muzee amezeeka?

Ayoubu: Baba...

Alimasi: Kitu ya mahari inapokewa ikiwa hai, mwanangu. Hii haijaishi. Hakuna kesho.

Ayoubu alikaa chini. Si kwenye benchi, chini, kwenye tope la bidoni tisa. Mashahidi wakaangalia viatu vyao. Mbele ya jambo lile, kahawa ikapoteza ladha.

Ndipo akaja Bibi Sifa, dada mkubwa wa Muzee Alimasi, shangazi wa Mounira. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa hina, alitoka kumpaka bibi arusi, amekuja kumtafuta kaka yake anayekawia. Mtu asiyemjua Bibi Sifa aelewe hivi: vitu vya mahari vinahesabiwa naye, na akisema bado, hata imamu anakaa. Alituangalia sote, mmoja mmoja, halafu sanduku.

Sifa: Hii ni nini?

Alimasi: Mashine ya mahari, dada. Haifanye kazi.

Sifa: Nani aliiomba?

Alimasi: Iko kwa orodha. Namba kumi na mbili.

Sifa: Sijauliza iko wapi. Nauliza, nani aliiomba? Ni wewe?

Alimasi: Mimi? Mimi nimelea mabinti sita mu nyumba, niombe chuma ije kuosha vyombo? Niliona ni mukwe mwenyewe ametaka kuonyesha nguvu.

Ayoubu alisimama kutoka kwenye tope.

Ayoubu: Nguvu? Baba, nimeitafuta miezi mitano! Niliuliza Bukavu, niliuliza Uvira, watu wakanicheka mu simu! Nilidhani ni wewe umeitaka!

Sifa: Mounira je? Saa hii nimetoka kwake. Ananiuliza: "Shangazi, ile sanduku Ayoubu ameleta ni ya kuweka nguo?"

Vichwa vyote, pamoja na vya bata, vikageuka kumwangalia mshenga. Kashè alikuwa anakagua mawingu.

Sifa: Kamaldine.

Kashè: Mushenga haombe, dada. Mushenga anaandika.

Sifa: Siku ile pale kwangu tulitaja vitu kumi na moja. Mimi nilivitaja. Nani alikuambia uandike ya kumi na mbili?

Kashè: Karatasi.

Sifa: Karatasi gani?

Kashè: Karatasi ilikuwa na mistari kumi na miwili. Vitu vikaisha kwa kumi na moja, ukabaki mustari mumoja mutupu. Miaka thelathini biro walitufundisha: mustari mutupu ni hatari. Mutu mubaya anaweza kuandika pale kitu chochote.

Sifa: Kwa hiyo ukaandika kitu chochote.

Kashè: Niliionaga mu kalenda. Ilikuwa nzuri.

Nimemjua Kashè tangu tukiwa na meno ya maziwa. Sijawahi kumwona mdogo namna ile. Lakini Bibi Sifa hakuwa na muda naye. Alikuwa anahesabu kwa vidole vyake vyekundu, midomo inatembea.

Sifa: Kumi na moja. Vyote nilivipokea mimi jana, na vyote vinapumua. Alimasi, kitu ambayo hakuna mutu aliiomba si mahari. Kama si mahari, haiitaji kuishi. Inaweza kufa kwa amani. Mutoto ameshapakwa hina, na kesho ni Ijumaa.

Muzee Alimasi alifikiri. Kanuni yake ilikuwa inapita kwenye mlango mwembamba, na alitaka kuona kama itapita bila kukwaruzwa. Ikapita. Akavuta pumzi ndefu, na uso wake ukafunguka; ndipo tulipojua kwamba naye alikuwa anaumia.

Alimasi: Alhamdulilahi. Haina kosa. Kesho, baada ya sala.

Ayoubu aliurukia mkono wa Bibi Sifa akaubusu, akainuka na pua nyekundu ya hina. Tulipiga kelele, tukamrusha juu, Kabiratè alisahau kidole chake akakikumbuka wakati wa kutua. Hamadi alitangaza kwamba hata Kigoma hakuona busara kama ile. Kila mmoja alidai ndiye aliyesema tangu asubuhi.

Bibi Sifa alingoja tunyamaze.

Sifa: Sawa. Sasa, kama si ya mahari, haiingie kwetu. Leo italala kwa nani?

Sijawahi kuona kijiwe kikivunjika hivyo. Kabiratè alikumbuka mteja aliyekwama njia ya Nyangwe. Kashè aliondoka kwa mwendo wa mtu aliyesikia mshahara umefika. Muzee Alimasi alisikia adhana kabla ya mwadhini, mashahidi nyuma yake. Hamadi aliingia dukani kwake, akazima grupe, akafunga mlango kwa ndani. Mado alibeba jiko likiwa linawaka. Hata Ayoubu, pua ikiwa bado nyekundu, aligundua kwamba bwana arusi hapaswi kuonekana karibu na shangazi siku moja kabla ya ndoa, akapotea kwenye kona.

Mimi nilichelewa kwa sababu ya kamba ya kiatu. Nilipoinua kichwa, benchi lilikuwa tupu, barabara ilikuwa tupu, na Bibi Sifa alikuwa ananiangalia mimi.